Zohali ya Mtu Mwingine

Kazi yangu ni kuwaandikia watu tarehe zao za kuzaliwa. Nina saiba ndogo pale Silibwet, kompyuta mbili, printa moja yenye kisirani, na benchi la wateja ambalo mguu wake mmoja nimeuwekea tofali. Wazee wanakuja na bahasha za kaki zilizochakaa, wanataka kitambulisho kipya, wanataka pensheni ya wazee, wanataka bima ya hospitali. Fomu inauliza tarehe ya kuzaliwa. Mzee anacheka, anasema, "Andika tu." Kompyuta nayo haijui "andika tu". Basi tunaanza kutafuta. Ulizaliwa kabla ya ile njaa kubwa au baada? Kabla. Mlikuwa mmeshahamia upande huu wa mto? Hapana. Tunakubaliana mwaka, halafu siku na mwezi naweka mwenyewe, tarehe moja Januari. Nimewazalisha watu wazima wengi tarehe moja Januari kuliko mkunga yeyote wa Bomet.

Nasema haya mapema ili usinihurumie. Mtu wa kazi kama yangu akidanganywa na tarehe, amejitakia.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na tisa, naelekea thelathini. Hivyo ndivyo karatasi ilivyosema. Nilikuwa na shahada ya ualimu niliyoisomea Kabianga, na tangu siku ya kuvaa joho shahada hiyo ilikuwa haijatoka kwenye bahasha isipokuwa kwenda kutolewa kopi. Niliomba kazi ya ualimu mpaka nikachoka kuomba. Wale niliokaa nao hosteli walikuwa wameolewa, wana watoto, wanapiga picha wakiwa wamevaa sare za kanisa. Mimi nilikuwa nalaminisha vyeti vya wenzangu. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kuipokea. Nikikosana na printa, nilikuwa naipiga makofi wateja wakiona.

Ndipo nikampata yule dada wa nyota. Sikumtafuta, alinijia kwenye simu, kama wanavyokuja wote siku hizi. Mwanamke mzuri, sauti ya taratibu, ameketi mbele ya pazia la zambarau, anaeleza kwa nini maisha yako yamekwama. Hakusema nimerogwa. Hakusema nifunge na kuomba. Alisema kuna sayari inaitwa Saturn, ile ambayo vitabu vyetu vya msingi viliiita Zohali, nayo huchukua karibu miaka ishirini na tisa na nusu kulizunguka jua. Kwa hiyo ukikaribia miaka thelathini inarudi mahali ilipokuwa siku uliyozaliwa. Ikirudi, inakuuliza umefanya nini na muda wote huo. Inakunyang'anya ulichokuwa ukikishikilia bure. Inakuvua utoto. Baada ya hapo unakuwa mtu mwingine.

"Zohali haikuchukii," alisema. "Inakukata ili uchipue."

Hapo ndipo aliponinasa. Mimi ni mtoto wa chai. Nimezaliwa Boito, kwenye shamba la mama, na nimeona chai ikikatwa tangu nikiwa mgongoni. Kila baada ya miaka mitatu, minne, mnachukua panga mnakata miti yote hadi karibu na magoti, shamba linabaki vijiti vitupu, utadhani moto umepita. Kwa miezi kadhaa hakuna jani la kupeleka kwenye kituo cha kupimia chai, hakuna pesa, mama anauza maziwa na kunyamaza. Halafu mti unarudi, tena laini kuliko mwanzo. Kwa hiyo mtu aliponiambia kwamba huku kukwama kwangu ni kukatwa tu, kwamba kuna kuchipua mbele, haki ya Mungu nililia. Nililia kwenye saiba, mchana, mzee mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Sikumwambia mtu. Kwetu sisi ni watu wa kanisa, na nyota ni zile zilizowaongoza mamajusi, basi, hakuna nyingine. Mama ni wa kamati ya akina mama, anafunga kitambaa cheupe kila Jumapili. Angesikia natafuta majibu kwenye Zohali angeniletea mchungaji mpaka saiba.

Yule dada alitaka vitu vitatu ili anichoree chati: tarehe ya kuzaliwa, mahali, na saa. Mahali nilijua. Tarehe nilikuwa nayo kwenye cheti, mwezi wa sita. Saa ndiyo sikuwa nayo, na alisisitiza kwamba bila saa chati ni bure. Nikampigia mama.

Lazima nieleze hapa kuhusu majina. Kwetu Kipsigis jina la mtoto hubeba saa. Aliyezaliwa alfajiri ana jina lake, aliyezaliwa mchana ana lake, aliyezaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani ana lake. Mimi nyumbani niliitwa jina la jioni. Shuleni niliitwa jina la alfajiri, kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye cheti. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mama kwa nini nina mawili. Alisema, "Hilo ni la shule," akaendelea kukamua. Watoto wengi darasani walikuwa na la nyumbani na la shule, nikaridhika. Naandika haya kwa Kiswahili, lakini yeye na mimi tuliongea Kikipsigis siku zote, na siku hiyo pia.

"Mama, nilizaliwa saa ngapi?"

Alicheka. "Unauliza nini na jina unalo? Ng'ombe walikuwa langoni. Nilikuwa nawafungulia."

"Kwa hiyo saa kumi na mbili?"

"Nilikuwa na saa mimi? Ndama walikuwa wanalia. Andika saa ya ndama kulia."

Nikaandika saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa nakaribia kukata simu aliposema, "Lakini hiyo karatasi yako, hiyo ya kuzaliwa. Kuna jambo nimetaka siku nyingi..."

"Mama, nilitaka saa tu. Nina mteja."

"Haya," akasema. "Hudumia mteja wako."

Sikuwa na mteja yeyote. Benchi lilikuwa tupu. Nilikuwa na haraka ya kumtumia yule dada ile saa.

Tazama sasa ujinga. Karatasi mkononi ina jina la alfajiri. Mama sikioni anasema jioni. Mimi ninayewahoji wazee kila siku, ninayejua kunusa tarehe ya uongo kabla mtu hajamaliza kuitaja, nikachukua tarehe huku na saa kule nikazichanganya kama unga na maji. Sikujiuliza hata swali moja. Bibi kizee angeniletea mambo kama hayo ningemwambia, "Kogo, hapa kuna watu wawili."

Chati ilikuja. Duara lenye mistari, alama ndogondogo, na maelezo ya sauti ya dakika arobaini. Aliniambia Zohali yangu iko kwenye nyota ya Samaki, katika nyumba ya nne, ambayo ni nyumba ya mama na ya chimbuko. Kwamba kilichonikwamisha si ukosefu wa kazi, ni kitovu. Sijakatwa kitovu. Kila nikifanya jambo nasikiliza kwanza mama atasema nini. Na kweli, nani hasikilizi mama atasema nini? Lakini ukiambiwa jambo hilo na sauti ya taratibu, kuhusu wewe peke yako, linakuwa ugunduzi.

Basi nikaanza kukatwa. Nilinyoa nywele, hiyo ilikuwa rahisi. Nilipunguza kwenda nyumbani. Zamani kila Jumamosi mchana nilifunga saiba nikaenda Boito, nikachuna naye Jumatatu asubuhi kabla ya kurudi kazini. Nikaanza kwenda mara moja kwa mwezi, halafu nikaanza kutafuta sababu. Simu zake nilizipokea nikiwa nimesimama, ili ziwe fupi. Printa ilipokufa nilijiambia ni sayari ya Utaridi imerudi nyuma, nikakaa wiki nzima nikisubiri itengemae angani badala ya kuita fundi. Fundi alipokuja alitoa kijiti cha meno ndani ya ile printa. Alinicheka, na mimi nikamchukia.

Mwezi wa tatu mvua ilianza. Ukikaa huku utajua maana yake: majani yanakuja kwa fujo, ukichelewa siku mbili yanakuwa magumu na karani wa kituo anayarudisha. Mama alikuwa peke yake. Baba alifariki zamani, mimi sikumbuki hata sauti yake. Alikuwa anachuna kuanzia umande mpaka saa nane, aproni ya plastiki kiunoni, kikapu mgongoni, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Vidole vyake vilikuwa na spidi ambayo sikuwahi kuifikia.

Akanipigia siku ya Jumanne.

"Mkono wangu wa kulia unakufa ganzi," alisema. "Vidole havishiki jani. Leo nimedondosha majani chini mara tatu, kama mtoto anayejifunza."

"Umelalia vibaya."

"Na kichwa. Kichwa kinanigonga huku nyuma. Njoo Ijumaa unipeleke kwa daktari."

"Si uende na jirani?" Jirani yetu ni mama aliyehamia kutoka Kisii na mumewe, wakanunua shamba la chini, mtu mwema.

"Yeye naye Kiswahili chake ni kama changu. Tutamwambia daktari nini sisi wawili? Tutanyooshea vidole? Nataka wewe uniongelee."

Nilikuwa na ujumbe wa yule dada kwenye simu hiyohiyo niliyokuwa nimeshika. Alikuwa ameutuma siku mbili kabla. Ulisema kwamba wiki hizi tatu Zohali imekaa juu kabisa ya mahali ilipokuwa nilipozaliwa, sawasawa bila kupungua, na kwamba hapa ndipo wengi huanguka: wanaitwa nyumbani, wanarudi, wanabaki watoto maisha yao yote. "Utaitwa," aliandika. "Usirudi mpaka ivuke." Na kweli nikaitwa! Unaona jinsi ilivyoingiana? Sikusikia mama mgonjwa. Nilisikia mtihani wangu.

"Wiki tatu, mama," nilisema. "Nina kazi nyingi. Baada ya wiki tatu nitakuja nikae hata siku nne."

Nilisikia akihamishia simu mkono mwingine.

"Wiki tatu si nyingi," akasema. "Basi usinisahau Ijumaa ya tatu."

Nilipokata simu nilijisikia nimekua. Hilo ndilo linaloniuma nikilikumbuka, si uongo wa kazi nyingi. Nilijisikia vizuri. Nilimwandikia yule dada kwamba nimeshinda, akanirudishia mioyo mitatu.

Jirani alipiga simu siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi. Alisema kwa Kiswahili chake cha kubahatisha kwamba mama yuko chini, kwenye chai, hasemi. Alikuwa amepita njia ya katikati ya mashamba akaona aproni ya njano kati ya mistari, akadhani imesahaulika. Kikapu kilikuwa bado mgongoni, kimejaa nusu. Mvua ilikuwa imemnyeshea, hakuna anayejua kwa muda gani. Wanaume wawili walimbeba kwenye blanketi mpaka barabarani, na mimi nikawakuta hospitali nikiwa bado na kalamu ya saiba sikioni.

Daktari alikuwa kijana, pengine rika langu. Alisema ni kiharusi, stroki kama watu wanavyoita. Presha ilikuwa imepanda kwa muda mrefu. Akauliza kama kulikuwa na dalili, ganzi, kuumwa kichwa, lini zilianza.

Nikasema sijui.

Nilijua. Nilijua siku na saa, na safari hii tarehe ilikuwa ya kweli. Niliulizwa kwa lugha ambayo mama alinitaka nimsemee, nikasema sijui. Daktari akaandika kwamba mgonjwa hakuwa na dalili zilizojulikana. Akaendelea kueleza kwamba presha hutibiwa kwa vidonge vidogo tu, vya kila siku, na watu wanaishi nayo hadi uzeeni. Sikumwomba anieleze hilo. Nilitamani anyamaze.

Mama alirudi nyumbani baada ya mwezi, upande wa kulia umekufa, mdomo umeenda pembeni. Maneno yote yaliondoka. Sala ziliondoka, nyimbo, majina ya ng'ombe, jina langu. Lilibaki neno moja. Siku ya kwanza nilipomlisha uji alinitazama vizuri, akakusanya nguvu, akaniita kwa jina la alfajiri.

Nilidhani ananiita kwa jina la shule. Nikashangaa, maana mdomo wake haukuwahi kulitumia kwangu hata mara moja. Hata siku ya joho, waliposoma majina pale uwanjani, yeye alinishangilia kwa jina la jioni. Sasa aliita la alfajiri kutwa nzima. Akitaka maji, jina hilo. Akiumia, jina hilo. Akiona mvua inakuja na nguo ziko nje, jina hilo.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuja kutoka upande wa Kabianga kumwona. Alileta kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Alikuwa hajakaa hata dakika mama alipoita. Mama mdogo aliweka kibuyu chini polepole.

"Anamwita yule," alisema.

"Ananiita mimi. Ni jina langu la shule."

"Si lako. Hakukuambia? Aliniambia alianza kukuambia kwa simu, na wewe ukawa na mteja."

Tulikaa nje kwenye benchi, mama akiwa ndani amelala. Mama mdogo alieleza bila kupamba, kama mtu anayesoma risiti. Kulikuwa na msichana kabla yangu. Alizaliwa alfajiri, mwezi wa sita, wakati chai ilikuwa imekatwa mara ya kwanza tangu wazazi wangu waipande. Baba alikisumbukia kile cheti, akaenda ofisini mara nyingi, akakipata. Mtoto aliishi miezi minane. Homa ya kifua, hewa ya baridi ya huku, ikamchukua. Hakutajwa tena, maana kwetu mtoto kama huyo hatajwitajwi, lakini karatasi yake ilibaki kwenye sanduku. Halafu nikaja mimi. Baba akafa nikiwa natambaa. Shule ilipotaka cheti, mama hakuwa na nguvu ya kuanza kuzunguka maofisi akiulizwa maswali kwa Kiswahili. Alifungua sanduku.

"Alisema, mtoto ni msichana, karatasi ni ya msichana," alisema mama mdogo. "Tulimwambia ni vibaya kufanya hivyo. Alisema atabadilisha baadaye."

"Na mimi nilizaliwa lini?"

"Chai ilipokatwa mara ya pili. Shamba lilikuwa vijiti. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga."

"Mwezi gani?"

"Huku kwetu mawe hupiga mwezi gani? Kila mwezi."

"Mama mdogo, jaribu."

"Mimi nilikuwa nimeolewa mbali, niliambiwa tu. Anayejua ni huyo," akasema, akaelekeza kidevu mlangoni.

Nilihesabu palepale benchini, kwa vidole, mimi mwenye shahada. Kati ya kukatwa kwa kwanza na kwa pili ni miaka mitatu na kitu. Sikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa na ishirini na sita. Zohali haikuwa imerudi. Haikuwa hata jirani. Nilipozaliwa ilikuwa imeshatoka kwenye Samaki, imeingia Kondoo, na huko safari hii ilikuwa bado kurudi. Zile wiki tatu ilizokaa juu sawasawa bila kupungua, ilikaa juu ya mtoto aliyezikwa na miezi minane. Mtihani ulikuwa wake. Kama ilikuwa na la kumwambia, ilimkosa kwa miaka karibu thelathini.

Unadhani nilifanya nini? Nilimwandikia yule dada. Nilimwandikia kila kitu, ujumbe mrefu wa matusi na kilio. Akajibu siku hiyohiyo. "Pole sana mpenzi. Unaona? Hii pia ni kazi ya Zohali, inafichua yaliyofichwa. Nitumie tarehe ya kweli nikuchoree chati mpya."

Na mimi nikaanza kuandika. Sitaki uongo hapa. Kidole changu kiliandika mwaka, kikafika kwenye mwezi kikakosa la kuandika. Kama ningekuwa nao ningeutuma. Nilifuta namba yake kwa sababu sikuwa na tarehe ya kumpa, si kwa sababu nilikuwa nimepata akili.

Halafu nikamkasirikia mama. Mgonjwa hawezi hata kushika kijiko, nami nazunguka jikoni nikigonganisha sufuria. Kwa nini alinivisha karatasi ya mtoto aliyekufa na kunipeleka nayo shule, kanisani, chuo kikuu? Kwa nini hakusema? Nilikuwa nampangusa mdomo kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Najua kabisa kwamba alijaribu kusema. Ndiyo maana hasira haikuisha.

Sasa naishi Boito. Saiba ninafungua siku tatu kwa wiki, na siku nyingine nachuna. Asubuhi namwogesha mama, namvisha, namweka kwenye kiti chake mlangoni ambapo anaona chai na lango. Akina mama wa kanisa wakija kumwona wananishika mikono yote miwili. "Umebadilika," wananiambia. "Mungu amekugeuza. Hukuwa mtu wa nyumbani hivi." Nashukuru, nawapa chai. Sijageuzwa na mtu. Nimeshikwa, basi, na aliyeshikwa hukaa. Vidole vyangu vimepata spidi, na wakati mwingine jirani akinitazama kwa mbali anasema nachuna kama mama.

Wazee bado wanakuja saiba. Wiki iliyopita kikongwe mmoja aliniambia, "Andika tu, mjukuu," nami nilikaa nikiitazama ile nafasi ya tarehe mpaka akaniuliza kama umeme umepotea. Nikaandika moja Januari.

Kwa miezi mingi mama alipoita lile jina nilimrekebisha. Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia, "Si yeye, mama, ni mimi," nikamtajia jina langu, la jioni, alilonipa mwenyewe akiwa na mkono kwenye lango. Alinitazama usoni, akatafuta, akatazama nyuma yangu kuelekea barabarani. Daktari anasema neno limeganda tu kichwani, halina maana yoyote, lingeweza kuwa neno "sufuria". Mama mdogo anasema anamwita kwa sababu yuko karibu kumfuata. Mimi nina maelezo yangu, na sijamwambia yeyote. Mama alikuwa na wasichana wawili. Mmoja alimwita aje Ijumaa, naye akamjibu wiki tatu. Huyo bado anamngoja, ndiyo maana anatazama barabara. Basi huyu anayemwogesha atakuwa nani, kama si yule mwingine?

Jana jioni nilikuwa nawafungulia ng'ombe lango. Ndama walikuwa wanalia. Mama aliniita kutoka kwenye kiti chake, kwa jina la alfajiri, mara mbili.

"Niko hapa, mama," nikaitika.